Maboksi Ishirini na Matatu ya Bwana Thayer

Kama una mtoto anayefanya kazi usiyoielewa, usimsaidie kabla hajakuomba. Naliweka hili mwanzoni kabisa ili hata atakayechoka kusoma njiani awe amelipata. Mimi nilimsaidia binti yangu siku mbili, Jumanne na Jumatano, yeye akiwa kitandani na homa. Kwa siku hizo mbili nilikaribia kumfukuzisha kazi kwa mikono yangu mwenyewe, na hakuna mtu aliyenituma.

Binti yangu anaitwa Denise. Ni huyo mmoja tu, na baba yake Chester alifariki mtoto akiwa na miaka kumi na miwili. Kwa hiyo hofu ambayo wanawake wengine huigawa kwa watoto watano, yeye ameibeba yote peke yake mpaka leo ana miaka thelathini na sita. Akikohoa, kifua kinaniuma mimi. Akinyamaza kwenye simu nadhani ameanguka. Anajua, na hunitania: "Mama, wewe hata ukifika mbinguni utaomba kazi ya kulinda lango, maana usingizi hutaupata."

Kazi yake ni kutunza michezo. Sisemi ya mpira. Nasema ile ya mezani, ya ubao na dadu na kete, ambayo familia za huku kwetu Massachusetts hucheza theluji ikishafunga milango. Mji wetu uliishi kwa michezo hiyo. Kiwanda cha Tarbell kilisimama kando ya mto, ghorofa nne za matofali, na mimi niliingia humo mwaka arobaini na tano, nikiwa na miaka kumi na minne, natoka darasa la nane. Nilitoka kilipofungwa, baada ya miaka ishirini na tisa. Siku hizi ghorofa ya chini ni makumbusho ya mji, na nyuma yake kuna chumba kikubwa chenye ubaridi ambamo Denise anahifadhi barua za wabunifu, picha zilizochorwa kwa ajili ya vifuniko, sampuli za kwanza zilizokatwa kwa mkasi, na michezo yenyewe, rafu kwa rafu. Watu hutoka hata California kuja kusoma karatasi hizo. Nilidhani wana wazimu kidogo, lakini walikuwa na adabu.

Lazima niseme kazi yangu ilikuwa nini kiwandani, la sivyo hamtanielewa. Nilikuwa mkaguzi wa mwisho. Boksi linakuja mbele yako wazi, bila kifuniko. Unalitazama, unahesabu kwa macho: kete nne, dadu mbili, kadi kadhaa, karatasi ya sheria. Kama kuna kilichopungua unachukua kwenye makopo mkono wa kushoto, unajazia. Kama kuna alama ya penseli au ya kidole kichafu kwenye kadibodi, unakanda kipande cha mkate mweupe kiwe kama donge, unasugua taratibu mpaka inatoka. Halafu kifuniko, uzi, fundo, linaenda. Boksi pungufu likimfikia mtoto asubuhi ya Krismasi, mzazi wake aliandika barua, na msimamizi wetu, Bi. Ouellette, aliisoma kwa sauti mbele ya wanawake wote. Mimi nilisomewa barua moja tu kwa miaka ishirini na tisa. Ilitoka Ohio. Mtoto alikuwa amekosa dadu. Bado namfikiria mtoto huyo.

Sasa, Bwana Orrin Thayer. Huyu ni mzee wa huko milimani, alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, mkavu, anavaa koti lile lile tangu namjua kwa sura. Kwa miaka arobaini alikuwa akizunguka kwenye minada ya makanisa na watu wanaouza vitu vyao uani, akinunua michezo iliyokwisha kuchezwa. Mpya hakutaka. Alikuwa nayo zaidi ya mia tatu na hamsini ghalani kwake, na makumbusho mawili makubwa yalimwomba akakataa. Kwa Denise alileta maboksi ishirini na matatu kwanza, kama majaribio. Akasema: "Nitarudi Ijumaa ya nne ya Machi nione yanavyokaa. Nikiridhika natia sahihi, mnakuja na lori mchukue mengine."

Na Bi. Garrity, mkurugenzi, akamwambia Denise mbele yangu, kana kwamba mimi ni kabati: "Wakfu unaokulipa unataka kuona mkusanyo wa Thayer uko hapa wote. Mkusanyo usipokuja, Juni sina cha kuwaambia, na nafasi yako inakwisha."

Denise alijibu tu, "Naelewa." Mimi sikulala.

Jumatatu ya wiki ile aliyoahidi mzee kurudi, Denise akapata homa. Nilimleta kwangu, nikamlaza kwenye kitanda chake cha utotoni, miguu ikitokeza. Kila akizinduka anasema, "Maboksi ya Thayer sijayaorodhesha." Namwambia, lala mwanangu. Analala, anaamka, "Sijayaorodhesha." Jumanne asubuhi nikachukua funguo zake kwenye mkoba. Kila Jumanne mimi huenda kule kujitolea kufuta vumbi, kwa hiyo Lucien wa mlangoni hakushangaa. Alisema tu, "Bi. Wojtas, leo umebeba mkate mzima? Kuna njaa?"

"Wa kazi huu," nikamwambia.

Nikafungua boksi la kwanza la Bwana Thayer, na niseme kweli, niliona aibu kwa niaba yake. Kete moja haipo, mahali pake kuna kifungo cha koti. Dadu moja ni ya rangi nyingine. Vipande vya karatasi vya kuandikia alama za wachezaji, vimekunjwa, vimechafuka jamu. Na ndani ya kifuniko, penseli kila mahali, mwandiko wa watu wanne watano. La pili hivyo hivyo: maharage makavu badala ya kete. La tatu, gamba la konokono na kizibo cha chupa. Nikasema moyoni, mzee huyu atakuja Ijumaa aone uchafu wake jinsi alivyouleta, atasema binti hajagusa kitu, amelala tu. Na Juni mwanangu hana kazi.

Kwenye kona ya chumba kile kuna kreti kumi na mbili za mabaki ya kiwanda. Tulipofungiwa, kila kilichobaki kwenye makopo kilimwagwa humo: kete, dadu, kadi, sheria. Nilizijua kreti zile kama jikoni kwangu. Nikavuta kiti. Nikakanda mkate.

Sitawaficha, zilikuwa siku mbili nzuri. Mikono ilikumbuka yenyewe. Boksi baada ya boksi nilitoa takataka, nikajaza kilichopungua, nikasugua penseli, nikafunga kwa fundo letu la Tarbell ambalo hakuna kijana anayelijua tena. Jumatano saa kumi jioni yalikuwa ishirini na matatu yamepangwa mezani kama siku yalipotoka kiwandani. Karatasi za alama nilizitupa kwenye pipa. Vifungo na vikorokoro vingine nilivitia mfukoni kwenye aproni.

Alhamisi Denise aliamka hana homa. Nilimsindikiza kazini nimebeba keki ya mbegu za mpopi, kwa sababu nilitaka niwepo atakapoona.

Aliona. Alisimama mlangoni.

"Mama. Nani amegusa haya?"

"Fungua kwanza."

Akafungua moja. Akalitazama muda mrefu kuliko sisi tulivyoruhusiwa kulitazama boksi. Akafungua la pili, la tatu. Akaanza kufungua haraka haraka.

"Yote ni kamili," nikasema. "Hesabu uone."

"Mama, humu kulikuwa na kifungo."

"Humu kulikuwa na takataka."

"Kifungo kiko wapi?"

"Denise, kaa chini, bado huna nguvu—"

"Na mwandiko? Mama, umefuta mwandiko?" Alikuwa ameshika kifuniko, anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Umefuta kwa nini?"

"Kwa mkate," nikasema. Nilidhani anauliza nimetumia kitu gani.

Hapo akakaa. Si kwenye kiti. Sakafuni, mgongo kwenye rafu, kifuniko mapajani, na uso wake ukawa kama siku ile nilipomwambia habari za baba yake. Nikaelewa kwamba nimefanya jambo, ila sikujua jambo gani.

"Mama, nisikilize," akasema polepole, kama anayesema na mtoto wa watu. "Boksi jipya la Tarbell ninalo. Ninayo arobaini, hayajafunguliwa kamwe. Kiwanda kilitengeneza nini, hilo najua, liko kwenye karatasi. Nisilolijua ni watu walifanya nini nalo walipofika nyumbani. Kete ikipotea walitumia nini. Sheria zipi walizikataa wakaandika zao kifunikoni. Nani alikuwa akishinda. Hakuna barua wala kitabu cha kiwanda kinachosema hayo. Bwana Thayer amezunguka miaka arobaini kutafuta hizo takataka, mama. Hizo takataka ndizo mkusanyo wenyewe."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza! Nilikuwa nawaka homa!"

Akawa analia, nami nikawa nalia, na keki iko pale katikati yetu kama mgeni aliyefika siku mbaya.

Akajifuta pua. "Karatasi za alama?"

"Pipani."

Akatoka mbio, nikasikia anamwuliza Lucien, nikasikia Lucien anajibu kwamba lori la taka lilipita saa moja. Akarudi akitembea.

"Zimeenda," akasema. "Na vifungo? Navyo umetupa?"

Hapo nilikasirika kidogo, naungama. "Kutupa kifungo? Mimi? Wewe umewahi kuniona natupa kifungo? Viko nyumbani kwenye kopo."

"Kopo lipi?"

"Kopo la vifungo."

"Pamoja na vingine vyote?"

"Sasa ningeviweka wapi?"

Alinitazama. Akaanza kucheka, kicheko kibaya kinachopanda na kushuka, mpaka Lucien akachungulia mlangoni. Denise akamwambia, "Usijali, Lucien. Mama yangu ameokoa vifungo."

Tulikwenda kulichukua kopo. Lilikuwa kopo la biskuti la bibi yangu, limejaa vifungo vya vizazi vitatu, na vya Bwana Thayer vimo ndani, vimechanganyika. Kizibo, maharage na gamba la konokono vilikuwa rahisi. Vifungo ndivyo vilivyokuwa kazi. Nilikumbuka vingine: hiki cha bluu kilikuwa kwenye mchezo wa reli, hiki chenye nanga kwenye ule wa visiwa. Nikisema, Denise anaandika, na kila mara ananiuliza, "Una hakika, au unadhani?" Nikisema nadhani, anaandika "anadhani." Sikupenda, lakini aliandika.

Mchana akafunga mapazia ya chumba chake, akachukua tochi, akailaza pembeni ya kifuniko nilichokisugua, mwanga ukipita juu juu kama jua linapochomoza shambani. Nikaona kitu ambacho sikujua kinawezekana. Penseli imekwenda, lakini kidole cha mtu kilikuwa kimekandamiza, na kadibodi ilikumbuka. Mistari ilisimama kwa vivuli vyake.

"Soma," akaninong'oneza. "Macho yako ni mazuri kwa karibu kuliko yangu."

Nikasoma: *Anayerudi mwanzo mara tatu anaosha vyombo.* Kwenye kingine: *Frank haruhusiwi tena kutupa dadu kwa mkono wa kushoto.* Chini yake, mwandiko mwingine: *Anaruhusiwa. Sahihi, Frank.* Kingine kilikuwa na majina tu, na mbele ya jina moja mtu alikuwa ameandika *yuko vitani, tumchezee zamu yake*, na safu ya alama ambazo walimpigia huyo asiyekuwepo. Nilikuwa nimesugua mkate juu ya hayo. Nilisugua vizuri, maana nilikuwa hodari.

Vifuniko kumi na vinne vilikuwa na mwandiko. Kumi na kimoja tulivisoma. Vitatu havikutoa kitu.

Ilikuwa kama saa kumi na moja nilipomwambia nilichokuwa nafikiri. "Mwanangu, kesho usimwambie. Rudisha vifungo, weka vyote mahali pake. Mzee ana miaka sabini na kitu. Atajuaje?"

"Nitamwambia."

"Utapoteza kazi."

"Nikimdanganya sina kazi tayari. Hapa kazi ni hiyo tu, mama, kuandika kitu kilivyo."

"Utamwambia kwamba mama yako ni mpumbavu."

"Hapana. Nitamwambia mimi ndiye niliyeyasafisha. Funguo ni zangu."

Nikajua amekwisha kuamua. Nimemlea, naijua shingo ile ikikakamaa. Alikuwa anakwenda kujitia kitanzi kwa ajili yangu, na akili yangu yote, ambayo miaka hiyo yote imekaa ikimwogopea magari na mafua na wanaume, haikuwahi kufikiria kwamba hatari ingekuwa mimi.

Ijumaa saa nne Bwana Thayer akafika. Bi. Garrity alimkaribisha kahawa akakataa. Alikuja moja kwa moja mezani, akavua kofia, akafungua boksi lililokuwa karibu, mchezo wa *Posta ya Milimani*, wapanda farasi wanne wanaopeleka barua wakikimbizana na theluji. Denise alikuwa ameacha boksi hilo kama nilivyolijaza. Kifungo chake hatukuwa na hakika nacho, na alikataa kukisia.

Mzee akamchukua mpanda farasi mwekundu, mpya, anang'aa. Akamshika kwa vidole viwili.

"Huyu ametoka wapi?"

"Bwana Thayer," Denise akaanza, "kabla hujaendelea, kuna jambo ambalo mimi—"

"Ni mimi," nikasema. Nilikuwa nimesimama nyuma na kitambaa cha vumbi. "Bronia Wojtas. Nilichukua funguo zake akiwa mgonjwa, hakujua. Niliona ni machafu nikayasafisha yote. Karatasi za alama nilizitupa na lori limezichukua. Mwandiko wa penseli niliufuta. Vifungo nimevichanganya na vyangu. Yeye jana ameshinda kutwa akirekebisha. Kosa ni langu kuanzia juu mpaka chini."

"Mama," Denise akasema.

"Nyamaza, nimeshasema."

Bi. Garrity alishika meza. Bwana Thayer hakunitazama. Alimrudisha yule mwekundu boksini taratibu.

"Mpanda farasi mwekundu wa nyumbani kwetu," akasema, "dada yangu Winifred alimwangusha kwenye tundu la sakafuni linalotoa hewa ya moto, mwaka thelathini na nane. Tukamsikia akigonga bomba mpaka chini. Akakata kifungo cha koti la baba akakiweka. Baba alivaa koti lile bila kifungo mpaka theluji ikayeyuka, hakuuliza." Akachukua kofia yake. "Mimi nilileta boksi hili hapa ili likae salama."

Alikuwa amekwisha kugeukia mlango. Nadhani ni ule ualimu wa hesabu uliomrudisha, maana mezani kulikuwa na boksi jingine la *Posta ya Milimani*, la kununua mnadani, na mkono wake ukalifungua ukaanza kuhesabu kadi. Alihesabu kama sisi, kwa kidole gumba.

"Thelathini na sita," akasema. "Hili hukulijaza."

"Limejaa," nikasema.

"Sheria inasema thelathini na nane. Zinakosekana mbili, *Daraja Limevunjika* na *Dhoruba*."

"Hilo ni la mwaka arobaini na tano, mzee. La arobaini na tano lina thelathini na sita."

Sasa alinitazama. "Nina maboksi matano ya mwaka huo. Yote yana thelathini na sita, na yote yanakosa kadi hizo hizo mbili. Nimejiuliza miaka ishirini familia tano zilipotezaje kadi zile zile."

"Hazikupoteza. Kadibodi ilikuwa imekwenda vitani. Walipunguza ukubwa wa karatasi ya kukatia, na kadi mbili za ukingoni zikakosa nafasi. Sheria hawakuchapa upya. Sisi wakaguzi tuliambiwa, hesabuni thelathini na sita na mfunge midomo."

"Iliandikwa wapi?"

"Haikuandikwa. Bi. Ouellette alisimama juu ya kreti akatutangazia, na alikuwa na mafua, ikabidi arudie. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza. Niliogopa nitasahau nikahesabu mpaka usingizini."

Bwana Thayer akaweka kofia mezani. "Na ule wa visiwa? Mbona dadu zake ni tatu katika miaka fulani?"

"Kwa sababu mashine ya kuchonga iliharibika zikawa zinaegemea sita. Tukaweka tatu, mchezaji achague mbili. Mpaka fundi alipopona mguu."

"Miaka gani?"

"Hamsini na moja mpaka Pasaka ya hamsini na mbili."

Akavuta kiti. "Bi. Denise," akasema, bila kuondoa macho kwangu, "una kinasa sauti?"

"Ninacho."

"Sasa unangoja nini?"

Tulikaa mpaka saa tisa. Aliniuliza mambo ambayo mume wangu hakuwahi kuniuliza kwa miaka kumi na saba ya ndoa. Katikati Denise alileta lile kopo akalimwaga juu ya kitambaa, na mzee akainama juu ya vifungo vile akivisogeza kwa ncha ya kalamu. Alitenga vitatu vya kahawia, vyenye matundu manne.

"Ni kimojawapo," akasema. "Ningependa kusema ni hiki. Lakini sijui."

"Nitaandika kimojawapo kati ya vitatu," Denise akasema.

"Andika hivyo." Kisha akanigeukia. "Wewe, Bi. Wojtas, umenikasirisha sana. Bado nimekasirika, na nitakwenda na hasira hii nyumbani."

"Ni haki yako."

"Karatasi za alama zilikuwa mia mbili na kitu. Nilizisoma zote, kwa bahati nzuri, lakini kichwa changu si rafu." Akatoa kalamu, akamwambia Bi. Garrity alete karatasi zake. Alitia sahihi kurasa tatu, akisoma kila mstari, na mwishoni akaongeza mmoja kwa mkono: mkusanyo wote uje, ila kila boksi lifunguliwe na Denise Wojtas mwenyewe, kwa muda wote wa kazi hiyo. Bi. Garrity alisoma mstari ule mara mbili. Maboksi mia tatu na zaidi hayafunguliki kabla ya Juni, wala kabla ya Juni ya mwaka ujao.

Basi akina mama, msiseme Bronia mambo yalimnyookea, naye akatufundisha tusafishe. Karatasi mia mbili zimekwenda na hazirudi. Vifuniko vitatu ni vyeupe, na walioandika humo wamekufa. Familia fulani ilicheza miaka mingi, ikacheka, ikagombana, ikaandika, na mimi nikaifuta kwa kipande cha mkate kwa sababu nilimwogopea mwanangu. Kumwogopea si kosa, sitaacha, najijua. Ila kabla ya kunyoosha mkono, uliza. Ni neno moja tu. Subiri hata homa iteremke.

Wiki iliyofuata Denise alikaa kuandika orodha ya maboksi yale ishirini na matatu. Niliketi kando yake na kahawa, sigusi kitu. Kwa kila boksi aliandika kilichokuwemo, kilichotolewa, kilichorudishwa kwa hakika na kilichorudishwa kwa kukisia. Mwisho akaandika sentensi moja akanisomea: *Tarehe 19 na 20 Machi 1996 maboksi haya yalisafishwa kimakosa na mtu wa kujitolea.*

"Mtu gani?" nikauliza.

"Mama, inatosha hivyo. Hii itasomwa na watu wengi."

"Ndiyo maana. Wewe ndiye uliyesema kitu kiandikwe kilivyo. Mtu atakuja baada ya miaka mia atakuta kete mpya na fundo zuri ajiulize ni nani. Andika jina."

Aliinamisha kichwa juu ya karatasi. Nilimwona anatabasamu.

"Bronia Wojtas," akasema huku akiandika. "Mkaguzi wa mwisho, kiwanda cha Tarbell. Mwaka gani mpaka mwaka gani?"

"Arobaini na tano mpaka sabini na nne," nikamwambia. "Na uandike kwamba nilisomewa barua moja tu."